Sororiti zianze na mafunzo, misaada ifuate

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie vyama vya kina dada wa vyuo vikuu nchini Marekani, vinavyojulikana kama sororiti, kwa kuwa mabinti zetu wanaokuja kusoma huku nao hujiunga navyo, na kwa kuwa sehemu ya misaada yao huishia katika shule na zahanati za kwetu. Mimi ni mwanachama wa tawi la wahitimu la mojawapo ya vyama hivyo hapa Maryland. Wakati huu tawi letu linapitia upya mafunzo ya wanachama, kanuni za mwenendo na miradi ya hisani. Kazi hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, ila naona tumeishika kwa mkiani: tunabishana kuhusu mradi gani upewe fedha kabla hatujakubaliana mwanachama afundishwe nini.

Kwa wasomaji wasiovifahamu, vyama vikubwa vya wanawake weusi ni vinne. Alpha Kappa Alpha kilianzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, na hapo hapo Howard vikazaliwa Delta Sigma Theta mwaka 1913 na Zeta Phi Beta mwaka 1920. Sigma Gamma Rho kilianzishwa na walimu mjini Indianapolis mwaka 1922. Uanachama wa vyama hivi ni wa maisha, na ndiyo maana kuna matawi ya wanafunzi na matawi ya wahitimu. Wapo jamaa nyumbani wanaoamini kwamba ni vyama vya uchawi kwa sababu vina sherehe za faragha. Nawasihi waangalie kazi zilizofanywa mchana kweupe: waasisi wa Delta walikuwa hawajamaliza hata miezi miwili tangu waanzishe chama chao walipoandamana Washington, tarehe 3 Machi 1913, kudai haki ya wanawake kupiga kura.

Kazi ninayotaka kila mwanachama mpya aisome kwa kina ni ile ya Alpha Kappa Alpha katika jimbo la Mississippi. Mwaka 1934 wanachama walikwenda huko kuendesha mafunzo ya kiangazi kwa walimu wa shule za vijijini. Walipofika waliona kwamba watoto waliotakiwa kufundishwa na walimu hao walikuwa wagonjwa na wenye njaa, na kwamba mbinu bora za ualimu zisingewafaa kitu kabla hawajatibiwa. Basi mradi ukabadilishwa. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1942, kila kiangazi, kikosi cha wanawake wa kujitolea wakiongozwa na Dkt. Dorothy Boulding Ferebee kilikwenda kutoa chanjo, kupima watoto na kuwaeleza wazazi juu ya lishe. Wenye mashamba ya pamba waliwashuku, na baadhi yao wakakataa kuwaruhusu vibarua waende kliniki. Wanawake hao hawakurudi nyumbani wala hawakukaa kituoni kungoja wagonjwa wasiokuja. Walipakia dawa na sindano katika magari yao wenyewe, wakaifikisha kliniki mashambani, jambo lililokuwa la hatari kwa mwanamke mweusi katika Mississippi ya enzi hiyo.

Nasisitiza kisa hicho kwa sababu ya lile badiliko la mwanzo. Walikwenda na mpango wao, wakatazama, wakauacha. Sisi tumefunzwa kukariri majina ya waasisi na tarehe kwa mpangilio usiokosewa, lakini hatufunzwi kutazama. Mwaka jana tawi letu lilikusanya sodo na kuzituma kwa maboksi katika shule moja ya bweni nchini Kenya. Usafirishaji na ada za bandarini Mombasa viligharimu zaidi ya bei ya sodo hizo hizo katika duka lililo karibu na shule. Hakuna mwanachama aliyekuwa ameuliza ikiwa zinauzwa huko, wala aliyejua kwamba Kenya iliziondolea kodi mwaka 2004 na kwamba sheria ya mwaka 2017 inaitaka serikali iwape wanafunzi wa kike bila malipo. Mwalimu mkuu alipoandika kushukuru, aligusia kwa adabu kwamba sodo walikuwa nazo kiasi, ila vyoo vya wasichana havikuwa na komeo wala maji, kwa hiyo wakiwa katika siku zao walikuwa hawana pa kubadilishia. Komeo na tangi la maji vingenunuliwa papo hapo, kwa fundi wa pale pale, na chenji ingebaki.

Kuhusu kanuni za mwenendo, rasimu yetu imetumia kurasa nyingi kwa mavazi, rangi za chama na picha za mitandaoni. Kwangu hayo ni madogo. Kubwa ni mateso wanayofanyiwa wanaotaka kujiunga. Waliosoma bweni Kenya wanajua jinsi mono, yaani mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza, anavyotendewa na wakubwa wake. Hapa nako vijana wamepigwa, wamenyimwa usingizi, na baadhi wamekufa. Mwaka 1990 vyama vya weusi vilifuta utaratibu wa zamani wa kuwapitisha wanachama majaribuni, lakini mateso hayakwisha, yalihamia mafichoni. Desemba 2024 Marekani ilipitisha sheria inayovitaka vyuo vitangaze hadharani vyama vilivyopatikana na kosa hilo. Kanuni zetu ziseme waziwazi kwamba anayetesa na anayenyamaza wote wanaondoka, na binti anayekuja kujiunga aambiwe siku ya kwanza ampigie nani simu, mtu aliye nje ya tawi.

Kwetu Afrika Mashariki vyama hivi si wageni. Delta kilichangia hospitali ya uzazi ya Thika miaka mingi kabla wengi wetu hatujafikiria kuja huku. Kwa hiyo nimependekeza katika tawi langu kwamba hakuna mradi wa ng'ambo utakaopigiwa kura bila barua ya wanaosaidiwa inayoeleza wanachohitaji na bei yake mahali walipo, na kwamba kuandaa maombi hayo iwe sehemu ya mafunzo ya kila mwanachama mpya. Nawaomba walimu wakuu na wauguzi wakuu wanaosoma gazeti hili wasione haya kutuandikia kwamba maboksi hayahitajiki, na watutajie kinachohitajika.

Wako mtiifu,
Mwanachama, Maryland, Marekani