Barua kwa mwanangu: nyimbo za sherehe yako

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi huku wazima, na mama yako anauliza kama umeanza kupata usingizi. Orodha yako ya nyimbo za harusi imenifikia na nimeisikiliza yote, hata zile ulizojua fika kwamba nitazikunjia uso. Nyimbo 112. Ukizipa dakika nne kila moja, huo ni muziki wa saa saba na nusu, na ukumbi mmeukodi kwa saa tano. Toa muda wa kuingia, wa kula, wa hotuba na wa picha, muda wa kucheza utakaobaki ni saa mbili, tukisema sana mbili na nusu. Hapo zinaingia nyimbo 30, labda 37 zikibanwa. Uliniuliza, "Baba, niongeze zipi?" Mimi nakuuliza zipi zitatoka.

Usinune kwanza. Miaka mingi nimekaa nyuma ya miksa, mtambo wa kuchanganya sauti, kwenye sherehe za watu, na bibi harusi haoni ninachokiona pale. Yeye anasikia nyimbo zake, mimi naangalia meza. Naona meza ipi imeinuka yote, ipi imegeuza viti kuupa mgongo uwanja, na ipi imeanza kukusanya mikoba wakati MC bado ana nusu ya ratiba. Orodha yako ni nzuri, na hata ningepewa bila jina ningejua ni yako. Ila siku ile utakuwa mwenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sijui mwenyeji ataponaje ikiwa mgeni amekaa saa nzima anangoja wimbo mmoja anaoujua.

Kwa hiyo weka pembeni orodha ya nyimbo, chukua ya waalikwa. Watafiti wa kumbukumbu wameona kwamba watu wazima wakiulizwa habari za maisha yao, mengi wanayoyataja ni ya umri wa kati ya miaka 10 na 30, na muziki nao hufuata mkondo huo huo. Basi hesabu ni nyepesi: kila kundi la wageni lirudishe nyuma hadi lilipokuwa na miaka kati ya 15 na 25. Mtu wa miaka 60 unamtafutia wimbo uliovuma miaka 35 hadi 45 iliyopita. Mtu wa 40, miaka 15 hadi 25 iliyopita. Katika nyimbo zako 112, zilizotoka kabla hujazaliwa ni nne tu, na karibu nusu ya waalikwa wenu walikuwa wakicheza muziki kabla hujazaliwa. Shangazi zako wote wamo humo, na unawajua wakikaa kimya wanavyokaa.

Muziki wa wazee uwekwe mwanzo wa kucheza, usiachwe mwishoni kama fadhila. Wao huondoka mapema, halafu kuna jambo nimeliona mara nyingi sana: kijana ataucheza wimbo wa mama yake, kwanza kwa utani, baadaye kwa moyo wote. Mama hauchezi wimbo wa kijana kwa namna hiyo. Ukianza na wakubwa unapata uwanja uliojaa watu wa kila rika, na ukianza na wenzako wa kazini unapata duara la watu kumi na kamera zao. Zile nyimbo zako kali zina muda wake, baada ya wazee kuaga, na hapo hakuna atakayekuzuia.

Wimbo wa kuingia nauzungumzia peke yake kwa sababu ndipo watu wanapokwama. Huo uliouchagua una utangulizi wa ala wa dakika moja na nusu kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Mimi naupenda. Lakini pima ukumbi. Kama kutoka mlangoni hadi meza yenu ni mita 25, na mtatembea taratibu kiasi cha nusu mita kwa sekunde, mtafika ndani ya sekunde 50. Mtakuwa mmeshaketi, mmeshakunywa maji, ndipo yule bwana aanze kuimba. Mwambie DJ aukate uanzie pale ngoma inapoingia, ili kiitikio kiingie mkiwa katikati ya njia. Mwandikie dakika na sekunde ya kuanzia. Usimwambie tu "pale panapochangamka", kwa sababu kila mtu ana pale pake. Halafu mkajaribu kutembea nao sebuleni, wote wawili. Gauni refu litakupunguza mwendo kuliko unavyodhani.

Maneno ya nyimbo sasa. Umeweka "I Will Always Love You" kwa ajili yenu wawili kucheza peke yenu. Dolly Parton, mwimbaji wa Marekani, aliuandika kumuaga Porter Wagoner, mwenzake wa kazi, alipoamua kwenda kujitegemea, ukatoka mwaka 1974. Whitney Houston aliurudia mwaka 1992 na dunia nzima ikaushika. Sauti ni ya mapenzi, lakini anayeimba anaondoka. Utaniambia watu hawajali. Wengine kweli hawajali, na mimi si mtu wa kukagua kila mstari. Ile chereko maarufu ya bibi harusi ya Wagner, mtunzi wa Kijerumani, imetoka kwenye Lohengrin, opera yake, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1850, na ndoa inayoimbiwa mle ndani inavunjika karibu mara tu baada ya wimbo kwisha. Bado imesindikiza maharusi wasio na idadi, hasa tangu binti mkubwa wa Malkia Victoria alipoolewa nayo mwaka 1858. Inasameheka kwa kuwa kwa kawaida hupigwa kwa ala tupu, na anayesikia hana neno la kushika. Wimbo wa maneno yanayoeleweka na kila mtu ukumbini ni kesi nyingine. Kipimo changu ni hiki: kama nusu ya meza inaweza kuuimba pamoja na mwimbaji, basi usome maneno yake yote, hadi ubeti wa mwisho. Huo wa Dolly wataimba wote. Nimeona watu wakitazamana.

Wakati wa kula ndipo sauti huharibu mambo, na sherehe nyingi nilizoziona zikipoa zilianzia hapo. Mwaka 1911 daktari mmoja wa Ufaransa, Étienne Lombard, alichapisha maelezo ya jambo ambalo kila mhudumu wa ukumbi analijua: mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujijua. DJ akisikia wageni wamezidi, naye anapandisha. Wageni wanapandisha tena. Baada ya nusu saa watu wanapigiana kelele sikioni, na wale wasiosikia vizuri wamekwisha kata tamaa ya maongezi, wanatabasamu tu. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na maongezi ya kawaida ni kama desibeli 60 ukiwa mita moja na mwenzako, kwa hiyo muziki wa chakula ukae chini ya hapo. Huhitaji kifaa: keti meza ya mbali na ya karibu, ongea na jirani yako. Kama umeinama ili akusikie, mpe DJ ishara ashushe. Na kwa saa hiyo chagua ala, au mwimbaji mpole. Nyimbo zenye kiitikio cha kuimba na umati zinamkatisha mtu sentensi.

Wakati wa kucheza sauti itapanda, ndiyo raha yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango mwaka 2022 kwa kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100 ukipimwa kwa dakika 15. Huo ni ukomo, usimruhusu mtu aufanye lengo. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa mara mbili, na muda salama wa kukaa hapo hupungua nusu. Watoto na wazee wasikae mbele ya spika. Mwombe mwenye vyombo alete spika ndogo nne azitawanye, badala ya mbili kubwa zinazounguruma mbele na kuwaacha wa nyuma hawasikii hotuba. Mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu, na ukumbini kuta huirudisha kiasi, lakini meza ya mbele ndiyo hulipa deni la meza ya nyuma.

Vipaza sauti navyo: mluzi ule unaowafanya watu wazibe masikio hutokea kipaza sauti kinapoisikia sauti yake mwenyewe kutoka kwenye spika. Wazungumzaji wasimame nyuma ya mstari wa spika, basi. Kazi ya dakika mbili, na husahaulika kila mara.

Kuhusu ubishi wenu wa bendi na DJ, mchumba wako alinipigia kuomba nimuunge mkono. Yuko sahihi kwamba bendi inaamsha watu kwa namna ambayo rekodi haiwezi. Lakini wanamuziki wanahitaji nafasi, muda wa kupanga vyombo, na mapumziko kila baada ya kipindi, na nyimbo wanazozijua vizuri zina ukomo. Kwa waalikwa wa rika nyingi hivi ningechukua DJ. Mkiwa na uwezo, bendi ipige saa ya kwanza ya kucheza, pale pa wazee. Mkubaliane wenyewe. Mimi sitapiga kura nyumba ya watu.

DJ mwenyewe umpe karatasi moja. Juu, nyimbo kumi ambazo lazima zipigwe na wakati wake. Chini, zile ambazo hata mjomba akiziomba mara tatu hazipigwi. Katikati mwachie yeye, kwa sababu wewe hutakuwa unautazama uwanja na yeye atakuwa anautazama. Anayejua kazi hupandisha mwendo kidogo kidogo, kutoka mapigo 100 kwa dakika hadi 110, hadi 125, na akiona watu wamechoka anawashusha kwa nyimbo mbili za taratibu. Ukimfunga na orodha ya nyimbo 112 zilizopangwa, umemnyang'anya macho. Ukimhoji kabla ya kumpa kazi, usimuulize ana nyimbo ngapi. Muulize anafanya nini uwanja ukiwa mtupu.

Nyimbo zile kumi ziwe zimeshapakuliwa, zisitegemee mtandao wa ukumbi. Na kama muziki utatoka kwenye simu ya mtu yeyote, simu hiyo izimwe mawasiliano yote. Nimesikia simu ikiita kupitia spika nne katikati ya hotuba ya baba mzazi, na aliyekuwa akipiga alikuwa muuza maua anadai salio lake.

Nirudishie orodha ikiwa na nyimbo 30, na pembeni ya kila moja andika unamwona nani akiinuka. Ukikosa jina, futa. Ule wa nne kwenye ukurasa wa kwanza usiuguse, huo ni wa mama yako, na ameshaanza kuufanyia mazoezi jikoni akidhani sisikii.

Msalimie mkwe wangu mtarajiwa. Mwambie suala la bendi sijalisahau.

Baba yako