Kanali wa Kentucky na walioachwa nje ya picha

Mhariri,

Tangu KFC ifungue milango Nairobi mwaka 2011, yule mzee wa ndevu nyeupe na tai ya utepe kwenye nembo yake, Kanali Sanders, amekuwa sura ya kawaida mijini kwetu. Watu wengi ninaozungumza nao wanaamini alikuwa ofisa mstaafu wa jeshi la Marekani. Naomba nafasi nieleze ukanali wake ulitoka wapi, kwa sababu nyuma yake kuna historia inayostahili kusomwa hata na mtu asiyekula kuku wa kukaanga.

Harland Sanders alizaliwa Indiana mwaka 1890. Jeshini alipita, tena kwa kudanganya umri: mwaka 1906, akiwa na miaka 16, alipelekwa Cuba kwa kazi ya mikokoteni ya nyumbu, na mwaka uliofuata akaachiwa arudi nyumbani. Ukanali ulimfikia mwaka 1935, alipokuwa akiuza mafuta ya gari na chakula kando ya barabara huko Corbin, Kentucky. Aliyempa ni gavana wa jimbo hilo, Ruby Laffoon. Cheo hicho hakina kikosi wala mshahara. Ni hati yenye jina la mtu na sahihi ya gavana, na hata asiyeishi Kentucky anaweza kuipata.

Asili yake, hata hivyo, ni vita vya kweli. Mwaka 1813, Marekani ikipigana na Uingereza, gavana Isaac Shelby aliwaongoza wanamgambo wa Kentucky hadi Kanada, kwenye mapigano ya mto Thames alikouawa Tecumseh, kiongozi wa Washawnee, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika. Baada ya hapo Shelby akampa ukanali Charles Todd, aliyekuja kuwa mkwewe, awe msaidizi wake. Magavana waliofuata wakaendeleza desturi hiyo. Makanali wakawa watu wa kusimama na sare kwenye sherehe za gavana, na baadaye hata sare zikaachwa. Laffoon aligawa hati hizo kwa maelfu. Aliyemrithi, Happy Chandler, akabana mkono. Louisiana nayo ilikuwa na makanali wake: meneja wa Elvis Presley, Tom Parker, alipewa ukanali na gavana wa huko mwaka 1948.

Sura tunayoijua haikutoka kwa magavana. Ilitoka kwa wachapishaji na watengeneza filamu. Opie Read alichapisha riwaya iitwayo A Kentucky Colonel mwaka 1890. Miaka mitano baadaye Annie Fellows Johnston akatoa The Little Colonel, kisa cha mzee aliyepoteza mkono akipigania majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akamsusa binti yake kwa kuolewa na mtu wa Kaskazini. Kitabu hicho kikawa filamu mwaka 1935, mwaka uleule Sanders alipopata hati yake. Bwana wa shamba mwenye hasira za haraka na moyo laini akapendwa na watu ambao Kentucky hawajawahi kuiona. Sanders alipopewa hati ya pili, karibu na mwaka 1950, alianza kuvaa kama mhusika huyo, hadi akazitia ndevu dawa ya kuzifanya nyeupe ili zilingane na nywele zake, na baadaye akavaa suti nyeupe. Ninamheshimu kwa bidii yake, lakini suti ile ilitoka vitabuni.

Na vitabu vile vilikuwa na watu wengine pembeni. Mwaka 1860 Kentucky ilikuwa na watumwa zaidi ya 225,000, karibu mtu mmoja kati ya kila watano. Uhuru wa wote haukupatikana hadi Desemba 1865, na bunge la jimbo halikuridhia rasmi marekebisho ya katiba yaliyokomesha utumwa hadi mwaka 1976. Katika filamu ya 1935, Bill Robinson, mcheza dansi hodari kuliko wengi wa zama zake, anapanda ngazi akicheza na mtoto Shirley Temple. Ni kipande cha kupendeza mno, na kinanihuzunisha kila nikikitazama, kwa sababu mtu wa kipaji kile amewekwa humo kama mtumishi wa kanali. Hattie McDaniel naye yumo, mtumishi pia.

Kinachoniuma zaidi ni mbio za farasi. Kanali wa vitabuni huchorwa akishangilia farasi, bilauri mkononi. Lakini Kentucky Derby ya kwanza, mwaka 1875, ilikuwa na wapanda farasi 15, na 13 kati yao walikuwa Weusi. Mshindi alikuwa Oliver Lewis, Mweusi, na farasi wake Aristides alifunzwa na Ansel Williamson, aliyezaliwa mtumwa. Isaac Murphy alishinda mwaka 1884, kisha 1890 na 1891. Jimmy Winkfield alishinda 1901 na 1902, na baada yake hakuna mpanda farasi Mweusi aliyeshinda tena. Walisukumwa nje ya kazi waliyoijua kuliko yeyote.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, siku mtakapoandika tena juu ya Kanali, mwandike kwamba ni cheo cha heshima cha gavana. Na kando ya picha yake mchapishe ya Isaac Murphy. Picha zake zipo, na majina ya mbio alizoshinda yanajulikana.

Msomaji wako,
Mombasa