Homa ya nguruwe haitibiki kwa antibayotiki

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wafugaji wenzangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, na zaidi wale wanaotuuzia dawa. Kila homa ya nguruwe inapoingia mahali, kinachokimbiliwa kwanza ni chupa ya oksitetrasaiklini, ambayo ni antibayotiki. Nguruwe wanaendelea kufa, inanunuliwa chupa ya pili, kisha ya tatu, mwenye banda anabaki hana nguruwe wala hela. Jambo hili linaniuma sana, maana chupa zile hazikuwa na uwezo wowote juu ya ugonjwa ule tangu mwanzo.

Homa hii huletwa na kirusi, si bakteria. Antibayotiki humweza bakteria kwa sababu bakteria ni kiumbe kinachojitegemea. Ana ukuta wake, ana mitambo yake ya kutengeneza protini. Penisilini huvuruga ujenzi wa ule ukuta, oksitetrasaiklini huziba ile mitambo. Kirusi hakina hata kimoja kati ya hivyo. Ni vinasaba vilivyofungwa ndani ya protini na mafuta, basi. Dawa haina pa kushika.

Umbo la kirusi cha homa ya nguruwe linajulikana vizuri. Mwaka 2019 wanasayansi wa China walichapisha muundo wake: chembe yenye upana wa nanomita 250 hivi, yaani zikipangwa 4,000 kwenye mstari zinafika milimita moja tu. Katikati kuna DNA, yaani vinasaba vyake, kisha ganda la kiini, kisha utando wa mafuta, kisha ganda la protini lenye pande 20, na nje kabisa utando mwingine. Ganda lile la pande 20 peke yake lina protini 17,280. Nayataja haya ili tuelewe tunapambana na kitu kigumu kiasi gani. Hudumu kwenye damu na kwenye nyama, mbichi au iliyokaushwa, kwa wiki na hata miezi, kikingoja nguruwe mwingine.

Kikishaingia mwilini hutafuta seli za kinga, zile zinazoitwa makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu. Seli inakimeza, nacho kinavua maganda yake humo humo, na DNA yake inaitumikisha seli itengeneze virusi vipya hadi ife. Kina jeni zaidi ya 150, na baadhi yake kazi yake ni kuzima taarifa ambazo seli iliyoshambuliwa hutuma kwa nyingine. Ndiyo sababu hata chanjo imesumbua watafiti miaka mingi. Vietnam iliidhinisha ya kwake mwaka 2022, lakini mfugaji wa hapa hawezi kutegemea chanjo leo.

Ngiri, wa aina ile tunaowaona Ruaha, hubeba kirusi hikihiki na asiugue. Ameishi nacho tangu zamani, pamoja na kupe laini wa kwenye mashimo yake, ambao nao hukibeba. Nguruwe wa kufuga aliletwa kutoka nje na hana mazoea hayo. Mtaalamu wa mifugo Montgomery alipoueleza ugonjwa huu Kenya mwaka 1921, waliokuwa wakifa ni nguruwe wa walowezi. Homa inapanda, masikio na tumbo vinakuwa vyekundu kisha zambarau, wanalaliana kona moja, na kwa siku chache banda linakwisha.

Sasa, sindano yenyewe. Anaitwa mtu wa kuchoma. Anafika akitoka banda la jirani, buti zilezile, sindano ileile. Anamchoma aliyelala, anafuta ncha kwenye suruali, anamchoma anayefuata ambaye bado anakula pumba zake vizuri. Damu ya mgonjwa imejaa virusi. Aliyekuwa mzima ndiyo kapewa ugonjwa, tena kwa kulipia.

Wapo watakaosema fulani alichoma na nguruwe wake wakapona. Nawaamini. Kuna magonjwa ya bakteria yanayoifanya ngozi iwe nyekundu vilevile, na hayo sindano huyaponya. Kwa macho huwezi kuyatofautisha na homa hii, ni lazima maabara, na Iringa kuna kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari.

Wengine huwahi kuchinja na kuuza. Ni kweli homa hii haimwambukizi binadamu, kwa hiyo mla kitimoto hadhuriki. Lakini mifupa, maji ya kuoshea nyama na makombo ya sahani hurudi kwenye banda la mtu mwingine. Mwishoni mwa 2010 homa ilipozuka Kyela, mpakani na Malawi, haikuishia Kyela. Ilifika mikoa mingine. Kupe hasafiri umbali huo. Nguruwe na nyama yake ndivyo vinavyopanda magari.

Ninyi wenye maduka ya dawa za mifugo, mteja akieleza kwamba nguruwe wengi wameugua kwa mkupuo na masikio ni mekundu, msimpe chupa. Mpelekeni kwa bwana mifugo siku hiyohiyo. Nanyi mabwana mifugo, karantini isiishie kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata. Watu wanaiona kama adhabu, kwa hiyo wanahamisha nguruwe usiku. Waelezeni kwa nini makombo yachemshwe dakika 30, kwa nini mzoga ufukiwe, kwa nini buti zisuguliwe matope na kinyesi kwanza ndipo zipigwe dawa ya klorini, maana uchafu huimaliza nguvu ile dawa kabla haijakifikia kirusi.

Na gazeti lako, mhariri, lichapishe mchoro mkubwa wa chembe hiyo na tabaka zake zote, tuukate na kuubandika kwenye maduka ya dawa kuanzia Tunduma hadi Makambako.

Mfugaji wa nguruwe,
Mbozi