Orodha yako imepungua mtu mmoja

Lamu

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sote huku wazima, ila mguu wa bibi yako, nao tumeshauzoea.

Orodha uliyonitumia ya mashuhuri waliofariki 2016, ya kipindi chako cha redio hapo chuoni, nimeisoma mara mbili na unga wa kaimati ungali mikononi. David Bowie, Prince, George Michael, Fidel Castro. Bowie simjui, wala sitajifanya namjua. Lakini Papa Wemba kumweka wa kumi na saba! Mtu aliyeanguka jukwaani Abidjan, wachezaji wake wakaendelea kidogo kabla hawajatambua. Mpandishe juu.

Muhammad Ali umemtanguliza, na hapo sikubishii. Alifariki tarehe 3 Juni, Ramadhani ikinukia. Wewe ulikuwa na miaka kumi. Siku aliposwaliwa Louisville, tarehe 9, kule kwao ni mchana, huku tumeshafuturu, sebule imejaa majirani kwa sababu televisheni yetu ndiyo iliyokuwa nzima. Uliposikia imamu anapiga takbira ukaniuliza, "Mama, kwani huyu ni mtu wa wapi?" Ami yako akasimama kukuonyesha Kinshasa 1974, vipi Foreman alivyoangushwa raundi ya nane, na katika kuzungusha ngumi akalipiga teke bakuli la uji. Lile doa mkekani ni la usiku ule. Alilolisahau ni kwamba mwaka 1967 Ali alikataa kwenda vita vya Vietnam, akavuliwa ubingwa, akakaa zaidi ya miaka mitatu hapigani, na umri wenyewe ndio ule wa nguvu zake. Anza na hilo, ngumi zifuate.

Sasa niambie, Zein yuko wapi? Zein l'Abdin Alamoody, mpiga udi, mzaliwa wa papa hapa Lamu, kafariki mwaka uo huo na hukumtaja. Najua ulikozitoa orodha zako hawamjui. Lakini wewe umelala kwa sauti yake! Marehemu babako alikuwa na kanda yake, nakala ya nakala, iliyorekodiwa kwa kuweka redio mbili uso kwa uso barazani. Udi unaanza peke yake, polepole, kama mtu anayebisha hodi ugenini, kisha yeye anaingia na shairi la Kiamu, na kila neno unalisikia lilivyo. Katikati ya wimbo wa pili punda analia. Tuliizoea hivyo hata nilipokuja kuusikia wimbo ule harusini Mombasa, nilikaa namngoja punda.

Kanda iliazimwa na mtu, sitamtaja, ikarudi imetafunwa. Ami yako ameikata palipoharibika akaunga kwa gundi, na jana imelia tena, wimbo wa kwanza nusu, wa pili mzima. Nimeirekodi kwa simu. Binamu yako atakutumia leo usiku mtandao ukitulia.

Kwenye kipindi chako, mtie Zein baada tu ya Ali, si mwishoni wakati watu wamezima redio. Na fundi wenu asije akasafisha sauti.

Punda msimtoe.

Mamako