Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Kondoa: Tuupokee mkusanyo wa Mzee Hakimu angali hai

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Salaam, na pole kwa majukumu. Nakuandikia kuhusu nyumba moja hapa mjini ambayo chumba chake cha uani kimejaa historia ya vita vilivyopita katika ardhi yetu. Mwenye nyumba ni hakimu mstaafu. Simtaji jina kwa kuwa ndivyo alivyoomba, ila mtaani ukimuulizia Mzee Hakimu utasindikizwa hadi mlangoni. Ombi langu ni kwamba Wilaya iupokee mkusanyo wake sasa, angali na kumbukumbu zake timamu, na uwekwe hapa hapa Kondoa.

Alianza kuokota mabaki ya vita hivyo akiwa mtoto wa shule, nyuma ya jembe la baba yake. Alipoingia utumishi alihamishwa kama mahakimu wote wanavyohamishwa, na kila kituo, Manyoni, Mpwapwa, Kongwa, alifika na masanduku yake akaondoka nayo yakiwa yameongezeka.

Mheshimiwa, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Aprili 19, 1916, jeshi la Jenerali van Deventer wa upande wa Waingereza, likitanguliwa na wapanda farasi wa Afrika Kusini, liliingia Kondoa likitokea Arusha. Masika yakawafungia njia nyuma yao. Chakula hakifiki, farasi wanakufa kwa ndorobo na maradhi. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, naye akawaleta askari wake kwa reli ya kati hadi Dodoma, wakapanda kwa miguu mpaka huku, na usiku wa Mei 9 akashambulia. Mji hakuupata, lakini majeshi hayo yalikaa yakitazamana hapa hadi mwishoni mwa Juni. Julai 29 Dodoma ikatekwa. Hayo yamo vitabuni, na mimi kama mwalimu wa historia huyafundisha. Ila mwanafunzi wangu anayasadiki akishaingia kwenye kile chumba.

Mzee huanza na maganda mawili ya risasi. Moja ni nene, la bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1871. La pili ni jembamba, la bunduki ya Kiingereza. Anamkabidhi mtoto yote mawili, anamwachia ayapime kwa kiganja, kisha anauliza: mwenye hili nene akishafyatua, kinachomponza ni nini? Kimya. Ndipo anaeleza kwamba baruti yake ilikuwa ya kizamani, inafuka moshi mzito, hivyo askari akipiga mara moja tu amekwisha kujionyesha alipo. Na waliopewa bunduki hiyo walikuwa askari Waafrika, vikosi vyao vingi vikiingia vitani mwaka 1914 vikiwa bado nayo. Nimeona mtoto wa kidato cha pili akiliangalia lile ganda kwa muda mrefu, halafu akauliza kama babu wa babu yake angeweza kukataa kwenda. Swali la namna hiyo sijawahi kulipata kwa kuandika ubaoni.

Ziko pia lijamu na viatu vya farasi vilivyofukuliwa na wakulima wakati wa kulima, vifungo vya sare na makopo ya nyama yaliyoliwa na kutu. Ukivitazama bila maelezo utadhani ni takataka. Ila kila kimoja kimefungwa kikaratasi kwa uzi, kama vielelezo vya mahakamani: namba, shamba kilikookotwa, aliyekiokota, tarehe, na waliokuwepo. Maelezo marefu yamo katika madaftari yake, kwa mwandiko ule ule aliokuwa akiandikia mienendo ya kesi. Ukimletea kitu usichojua kilikotoka, anakurudisha ukaulize. Nadhani huu ndio utajiri wenyewe, kuliko vyuma. Ipo nishani moja ya nyota ya shaba ya vita vya Burma, katika Vita Kuu ya Pili, iliyoletwa na wajukuu wa mzee aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza. Nyuma ya nyota hiyo hakukuchorwa jina. Daftari likiliwa na mchwa, babu yao amepotea pamoja nalo. Na mchwa, Mheshimiwa, wameshafika kwenye fremu ya mlango.

Kongwa alikusanya simulizi zaidi ya vitu. Pale ndipo Waingereza walipoleta mradi wa karanga mwaka 1947 wakautelekeza 1951, na ndipo, kuanzia miaka ya 1960, wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengineo walipopiga kambi. Mzee aliandika habari za kina mama waliowauzia maziwa na mafundi waliowashonea nguo. Kutoka vita vya Kagera ana barua za askari na mgambo kwa wake zao.

Tafadhali ijulikane kwamba chumbani humo hamna silaha wala risasi nzima. Alizoletewa alizipeleka polisi siku hiyo hiyo, na hati za makabidhiano anazo.

Nimesikia wanaosema hivi vilikuwa vita vya wazungu, tuwaachie wenyewe. Siwezi kukubaliana nao. Mizigo ya majeshi hayo ilibebwa vichwani na watu wetu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa walipita 90,000, wengi kwa njaa na maradhi, na Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps. Huku kwetu ng'ombe na nafaka zilichukuliwa kulisha majeshi, vijana wakachukuliwa kubeba, kisha mvua zikakatika. Ugogo wote ukaingia katika njaa ya Mtunya, ambayo wakoloni wenyewe walikadiria iliua watu wapatao 30,000. Katika chumba cha Mzee kuna kibuyu cha mpagazi ambaye hakurudi. Amekiweka katikati ya meza, na vyuma vyote vya wazungu viko pembeni.

Kuna jambo la kisheria ambalo yeye mwenyewe alinielekeza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavipa ulinzi wa moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Vitu vya 1916 vimekuja nyuma ya mstari huo, hivyo havina ulinzi mpaka Waziri avitangaze. Maana yake ni kwamba Mzee akifumba macho leo, mnunuzi wa chuma chakavu anaweza kupima kilo zake uani pale na asiwe amevunja Sheria hiyo. Ndiyo maana naomba ofisi yako ianzishe mchakato wa kumwomba Waziri, na iwaite wataalamu wa Makumbusho ya Taifa waje kuorodhesha kila kitu, yeye akiwa ameketi nao.

Waje waorodheshe, lakini wasiondoke navyo. Mizinga iliyong'olewa kwenye meli ya Kijerumani ya Königsberg ilikokotwa nchi nzima, na mmojawapo ulinguruma hapa Kondoa. Leo anayetaka kuona mzinga wa meli ile anakwenda Fort Jesus, Mombasa, au Pretoria. Wageni wanakuja wilayani kwetu kuona michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wanapita hapa mjini, wanakunywa chai, wanaondoka, na hakuna anayewaonyesha hata kilima kimoja cha Mei 1916. Chumba kimoja tu katika jengo lolote la Serikali lisilotumika kingetosha kuanzia.

Watoto wake wanaishi mbali na wameridhia kwa maandishi. Fedha haombi. Ameweka masharti mawili tu: madaftari yasitenganishwe kamwe na vitu, na mwanafunzi asitozwe kiingilio. Kwa afya yake ya sasa anapata nguvu zaidi asubuhi, kwa hiyo tunakuomba utupangie asubuhi yoyote ya mwezi huu, uje na Afisa Utamaduni na mtu wa kupiga picha. Mimi nitaleta wanafunzi wa kusaidia kubeba masanduku.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Historia, Kondoa