Kabla ya kuuliza kilomita, tuulize mwezi

Wanaotaka safari ya kayaki ya siku tatu au nne huanza na swali moja: kwa siku tutapiga kafi kilomita ngapi? Sisi tunauliza tarehe, kisha tunafungua kalenda ya mwezi wa angani, maana maji ya bahari hujaa na kupwa kwa kuufuata.

Kutoka Lamu mjini kwenda kisiwa cha Pate, njia iliyotulia ni Mkanda, ule mlango mwembamba wenye mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakijaa, raha tupu. Yakitoka, ni tope. Mwaka wetu wa kwanza tulipokea wageni wanne siku mbili baada ya mwezi mpevu, tukanywa chai na mahamri bila haraka, tukaingia Mkanda saa nne asubuhi. Kosa lilikuwa letu wenyewe: siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huku kwetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne ndiyo yanakupwa. Tulikwama. Mgeni mmoja alishuka asukume, akazama hadi magotini. Mguu ulitoka, kiatu hakikutoka. Tulikaa saa tatu tukitazama kaa wakichungulia mashimoni. Maji yaliporudi, mashua ya kwanza kupita ilitusalimu kwa kicheko.

Tangu hapo tunapenda maji mafu, siku za nusu mwezi. Wenye majahazi huyanung'unikia kwa kuwa hayajai sana, lakini kayaki haidai kina kikubwa. Shibiri moja yaitosha. Tena hujaa katikati ya asubuhi, na mkondo wake ni mpole. Kila siku huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo usitarajie kuondoka saa ile ile safari nzima.

Ghuba ya Manda ni habari nyingine. Pale ni wazi, na kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, hushika nguvu mchana. Ukienda Pate unaupokea usoni. Ndiyo maana siku ya kwanza tunavuka Mkanda tu, tunalala upande wa Manda Toto, kisiwa kidogo jirani na Manda, na ghuba tunaikata alfajiri kuelekea Mtangawanda, bandari ya Pate. Anayetaka yote kwa siku moja tunamkatalia, hata akiongeza pesa. Mei hadi Julai, kusi, upepo wa kusini, likivuma, safari za kulala hatuchukui kabisa.

Maji ya kunywa tunabeba yote kutoka Lamu, maana Manda si kisiwa cha kutegemea visima. Lita tano kwa mtu kwa siku, katika madumu madogo yanayolazwa chini, katikati ya kayaki. Dumu kubwa likiwekwa nyuma, chombo huinua pua na upepo hukichezea utakavyo.

Wenye kutaka kupitia magofu ya Takwa, mji wa kale kisiwani Manda, watuambie mapema, kwani hori lake, mkono mwembamba wa bahari, nalo huingilika maji yakijaa tu.

Ukituandikia, tupe tarehe mbili au tatu za kuchagua. Na uje na viatu vya kufunga kamba. Ndala ziache Shela.