Mlimuuzia Mama Kiti, Mkampokonya, Kisha Mkataka Kumuuzia Tena

Nairobi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: VITI VILIVYOLIPIWA TUKANYIMWA, NA JINSI MAMA YANGU ALIVYOTENDEWA NDANI YA NDEGE YENU

Salamu. Adabu nitakayoweza kuitunza katika barua hii nitaitunza, ingawa majibu yenu ya barua pepe hayanisaidii.

Masharti yenu ya usafiri sitayaeleza, mnayajua kuliko mimi. Mnajua mlipoandika kwamba nambari ya kiti haina dhamana, na kwamba abiria anaweza kuhamishwa "kwa sababu za uendeshaji". Maneno hayo mmenirudishia kila nilipowaandikia. Mimi nazungumzia pesa mliyopokea: Sh17,400 za kiti changu na Sh17,400 za kiti cha mama, juu ya nauli, ili katika safari yetu ya kwenda Marekani tukae safu ya mbele inayotazama ukuta, mahali ambapo mtu anaweza kunyoosha mguu. Mama alibadilishiwa goti la kulia. Daktari wake aliandika kwamba asikae muda mrefu akiwa amelikunja. Barua hiyo mnayo. Mliipokea, mkajibu kwamba imeingizwa kwenye rekodi ya safari yake.

Kwanza kabisa, nataka hizo Sh34,800 zirudi, zote, kwa njia ile ile zilizolipwa. Sitaki pointi. Sitaki vocha ya punguzo la "safari yako ijayo nasi".

Nije kwenye tukio lenyewe, maana katika majibu yenu hakuna hata mmoja aliyeligusa.

Chakula kilikuwa kimeshaondolewa na taa zimezimwa. Mama alikuwa 41E, katikati ya vile viti vinne vya kati, mtu huku na mtu huku. Goti lilikuwa limeanza kuvimba. Kule mbele, safu ya ukutani, viti viwili vilikuwa wazi tangu tulipoondoka. Niliviona kwa macho yangu nilipokwenda msalani. Nikamwamsha jirani, nikamtoa mama, tukatembea polepole hadi pale. Kijana wenu akatuzuia. "Mama, viti hivi ni vya kulipia." Nikamwambia tumeshavilipia, nikamwonyesha risiti kwenye simu. Akaisoma, akasema hiyo ni ya ndege nyingine. Kisha akasema tukilipa kwa kadi hapo hapo, mama anaweza kukaa. Mashine ya kadi ilikuwa tayari mkononi mwake.

Hiyo "ndege nyingine" ndiyo mliyoniuzia. Tiketi yetu ilikuwa ya Airbus A350, viti tisa kwa safu, vitatu vitatu, kila kimoja upana wa inchi 18 hivi. Tulipofika lango la kuabiri, kule mnakobadilishia watu ndege, tukaambiwa ni Boeing 777 yenye viti kumi kwa safu: vitatu, vinne, vitatu. Kubadilisha ndege silalamikii. Ndege huharibika, na ni afadhali ibadilishwe kuliko iruke ikiwa mbovu. Lakini hicho kiti cha kumi kimetoka wapi? 777 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1995, mashirika mengi yaliiwekea viti tisa kwa safu. Tangu siku hiyo kuta zake hazijasogea hata kidole. Nafasi ya kiti cha kumi imekatwa kwenye mabega ya watu na kwenye ujia: kila kiti kimeshuka hadi inchi 17 hivi, na ujia umebana kiasi kwamba toroli likipita, aliyekaa pembeni lazima akunje kiwiko. Hiyo haikuwa hitilafu ya mitambo ya siku hiyo. Ni uamuzi uliofanywa mezani, na watu wanaojua kupiga hesabu, na wenyewe hawakai safu ya 41.

Mtasema inchi moja ni kitu gani. Ikalieni saa kumi na tatu. Mkono wa kiti ni mmoja kwa watu wawili, hivyo mmoja wao lazima akae ameubana mkono wake kifuani, na katikati ya viti vinne mtu huyo ni yule mpole. Mama ni mwalimu mstaafu, hajui kugombania kitu. Alikaa amefumbata mikono mapajani safari nzima. Chini ya kiti kilicho mbele yake kuna sanduku la chuma la mitambo ya video, limekazwa pale pale ambapo mguu wake wa kulia ulitakiwa kwenda. Aliuingiza kiupande, kisigino kimeinuka. Aliyekuwa mbele yake alipolaza kiti, na ana haki ya kukilaza, ile skrini ilikuja ikasimama kama shubiri moja kutoka usoni mwake. Nilijaribu kuweka blanketi kati ya goti na ule mgongo wa kiti. Halikuenea. Ngozi juu ya kovu la upasuaji ilikuwa na alama nyekundu ya ukingo wa kimeza, na alama hiyo tulifika nayo.

Tena kaunta, kabla ya kuabiri, nilisema mapema. Nilimweleza dada aliyekuwa pale kwamba mgonjwa ana barua ya daktari na viti vimelipiwa. Alibofyabofya kompyuta, akasema mfumo umewapanga watu upya wenyewe, yeye hawezi kuugusa, wahudumu wa ndani watatusaidia. Wahudumu wa ndani! Msaada wao ndio huo nilioueleza.

Na sijaueleza wote.

Pale mbele, mama alikuwa amesimama, ameshika mgongo wa kiti cha mtu aliyelala, kitenge chake kimejikunja upande mmoja kwa kukaa. Kijana wenu ni Mkenya. Alisema naye kwa Kiswahili safi, na ndiyo maana neno lolote halikumpita mama. Alipotaja bei, aliitaja kwa dola, kwa sauti ambayo safu tatu ziliisikia. Waliokuwa macho wakatugeukia. Mimi nilikuwa nimeinua simu yenye risiti, na yeye ameinua mashine ya kadi, na mama yuko katikati yetu. Nikasema kwa mara nyingine: vimelipiwa, tazama jina, tazama kiasi. Akajibu, "Mama, mimi nafuata orodha. Kama hamlipi, naomba mrudi kwenye viti vyenu, mnaziba njia." Hapo mama akamwambia, "Samahani mwanangu, sikujua." Akageuka, akaanza kurudi, akishika kiti kimoja baada ya kingine, mpaka 41.

Samahani. Aliyelipiwa kiti ndiye aliyeomba radhi, na mliomfanya aiombe ni ninyi. Viti vile viwili vilibaki wazi mpaka magurudumu yakagusa ardhi. Hakuna aliyevikalia. Nilikwenda kuviangalia zaidi ya mara moja, na kila nilipokwenda nilikuta mito imelala juu yake kama ilivyowekwa.

Kwa hiyo Sh34,800 hazitoshi tena. Nataka pia barua ya kuomba radhi, iandikwe kwa Kiswahili, imtaje mama yangu kwa jina lake kamili, na iwe na jina na sahihi ya mtu mwenye cheo. Isiwe ya "timu ya huduma kwa wateja". Na isiseme "tunasikitika ikiwa ulihisi". Mama hakuhisi. Alitendewa.

Simlaumu kijana huyo peke yake, wala sitaki afukuzwe kazi ili ninyi mpate kunawa mikono. Alipewa orodha ambayo haina barua ya daktari, haina risiti yangu, haina habari kwamba abiria wa 41E alipaswa kuwa mbele. Mtu aliyempa mashine ya kadi hakumpa ruhusa ya kutumia akili. Huyo mtu ndiye ninayemtaka.

Mmeniandikia kwamba "starehe ya abiria ni kipaumbele". Tuiache starehe, tuzungumze afya. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mwaka 2007: safari ya kukaa bila kusogea kwa saa nne au zaidi huongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Kwa mtu mzima wa afya uwezekano huo ni mdogo. Kwa aliyetoka upasuaji hatari ni kubwa zaidi, na mliambiwa kwa maandishi kwamba mama alifanyiwa upasuaji. Jarida lenu lililokuwa mfukoni mwa kiti linawahimiza abiria wainuke, watembee, wanyooshe miguu. Mama alifanya hivyo hasa, akaambiwa anaziba njia.

Kuna jambo jingine lililokuwa likinijia kila nilipomtazama amebanwa pale. Ili ndege ikubaliwe kubeba watu, mtengenezaji huonyesha kwamba wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Bunge la Marekani mwaka 2018 liliagiza mamlaka yao ya anga iweke kipimo cha chini cha ukubwa wa kiti kwa ajili ya usalama wa abiria. Mwaka 2022 mamlaka hiyo ilikuwa bado inakusanya maoni ya watu. Mnatumia nafasi hiyo. Matatu ya Nissan ya kwenda Embakasi imeandikwa ubavuni abiria 14, na makanga akiongeza mmoja, askari anamteremsha barabarani. Ninyi mmeongeza mmoja kwenye kila safu, na hakuna wa kuwasimamisha.

Nimeambiwa kwa simu na ofisi yenu hapa mjini kwamba nikitaka nafasi ningenunua daraja la juu. Nimelisikia hilo, na ningependa aliyelisema aliandike. Nilinunua kile mlichokiuza, kwa kipimo mlichokitangaza kwenye ramani ya viti ya programu yenu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kulindwa afya yake, na haki ya fidia anapopata hasara au madhara kwa kasoro ya huduma. Hakikusema haki hizo ni za daraja la biashara.

Mama angali Marekani kwa mdogo wangu aliyejifungua. Mimi nilirudi kazini. Tangu afike anapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na goti lililokuwa limeshaanza kukunjika vizuri limerudi nyuma. Ninapompigia simu usiku, haulizi habari za pesa. Ananiuliza, "Na kurudi ni ndege ile ile?" Tiketi yake ya kurudi ni yenu, na kwa masharti yenu hairudishwi. Atasafiri peke yake, bila mtu wa kuinua simu yenye risiti.

Basi yaliyotangulia yasomeni pamoja na haya. Narudisha madai yangu yakiwa kamili: Sh34,800 za viti, nusu ya nauli yetu sote wawili kwa mkondo ule wa safari, gharama za matibabu ya goti tangu siku ya kufika, ambazo stakabadhi zake nimeziambatisha, barua ya radhi kama nilivyoieleza. Na safari ya kurudi, mama akae daraja la biashara mwanzo hadi mwisho, nambari ya kiti iandikwe, na mkibadilisha ndege, daraja lisibadilike. Juzi ningeridhika na safu ya ukutani. Baada ya kusoma jibu lenu la mwisho, siridhiki nayo tena, kwa sababu safu ya ukutani mmeshanionyesha jinsi mnavyoiheshimu.

Nawapa siku 14 tangu tarehe ya kupokea barua hii. Zikipita, sitaandika barua nyingine. Nitafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, ambayo husikiliza madai ya hadi Sh1,000,000 na ambako sihitaji wakili, na huko nitadai hadi pale sheria inaporuhusu, si hesabu hii ya hapa. Nitamwita kijana wenu awe shahidi, na ninaamini atasema kweli. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imo, unanipa miaka miwili, sitaimaliza. Malalamiko yatafika pia kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na barua ya daktari, risiti zote mbili, picha ya 41E na picha ya vile viti viwili vikiwa na mito yake vitakwenda pamoja nayo.

Anayejibu aweke jina lake.

Wenu,

Binti wa abiria wa 41E
(Jina kamili, sahihi na nambari ya tiketi vimo katika nakala iliyokabidhiwa ofisini kwenu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa.)

Nakala:
Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, kwa taarifa, hadi siku 14 zitakapokwisha.